Nilikataa Kahawa ya Mkwe, Mshenga Wangu Akanyamaza

Nina umri wa miaka ishirini na saba. Ni mwalimu wa shule ya kati hapa Bukoba, nimesoma hadi chuo kikuu ng'ambo ya ziwa, Uganda, na sina mke. Nilikaribia sana kuwa naye. Naandika haya nikiwa na hasira, wala sitaificha. Anayetafuta kisa cha mtu aliyesamehe na afungue ukurasa mwingine.

Nina hasira na rafiki yangu. Nina hasira na desturi zetu ambazo kila nikiuliza zilianzishwa na nani na kwa faida ya nani, naambiwa nimesoma mno. Na nina hasira na ugonjwa mmoja usio na kidonda wala homa, ambao ukiutaja mbele za watu unaambiwa, "Jikaze, wewe ni mwanamume." Kujikaza! Kama ningeweza kujikaza, ningekuwa mgonjwa?

Ugonjwa huo ni wasiwasi. Sisemi wasiwasi wa mkulima anayesubiri mvua, au wa mzazi ambaye mtoto wake amechelewa kurudi kisimani. Huo kila mtu anao, na una sababu yake. Nasema ule unaokuja bila kuitwa, unakukamata ukiwa umekaa salama kabisa, unakuambia kwamba unakufa sasa hivi... na wewe unaamini.

Mara ya kwanza ulinikuta melini, nikirudi nyumbani baada ya kumaliza masomo. Ziwa lilikuwa limetulia. Nilikuwa nimekaa juu ya sanduku langu la vitabu, nikizungumza na abiria mmoja habari za bei ya kahawa. Ghafla moyo ukaanza kwenda mbio. Vidole vikafa ganzi, jasho likanitoka, pumzi ikawa inaishia kooni. Sikudhani kwamba nakufa. Nilikuwa na hakika! Yule abiria aliendelea na bei zake za kahawa bila kugundua lolote. Baada ya muda ikapita, nikabaki natetemeka kama mtu aliyeopolewa majini.

Gatini Bukoba ukoo wangu ulikuwa umejaa kunipokea. Baba mdogo alinishika bega, akawageukia watu akasema, "Huyu sasa ndiye macho yetu." Wakapiga vigelegele. Mimi moyoni nikauliza: mtu mmoja atakuwaje macho ya watu wote hawa? Na akipepesa je?

Tangu siku hiyo wasiwasi ukahamia kwangu. Ulinikuta darasani nikifundisha, na kwenye mikutano, na mezani kwa mama yangu kule Kitendaguro. Kila mtu akawa na dawa. Baba mdogo alisema nimerogwa na wanaonionea wivu. Mzee mmoja wa kanisa alisema vitabu vimechukua nafasi ya sala. Nilimuuliza kama yeye, asiyesoma kitabu, haogopi kitu. Alinikasirikia.

Mama yangu, masikini, alisema mwili umedhoofu, unahitaji kahawa.

Kwa wasomaji wa mbali lazima nieleze. Sisi Wahaya kahawa hatuiuzi tu. Tunaichemsha ikiwa na maganda yake, pamoja na majani yenye harufu nzuri, tunaikausha juani, kisha tunaitafuna punje kwa punje. Tunaiita akamwani. Mgeni akiingia, kabla ya chakula na kabla ya shauri lolote, analetewa kijikapu cha kahawa. Mwenye nyumba anachukua kwanza, anatafuna mbele ya macho yako ili ujue haina sumu. Kisha unachukua wewe. Kuikataa ni sawa na kumwambia mwenyeji wako: wewe ni mwuaji, nyumba yako siiamini.

"Tafuna, tata," mama alikuwa akiniambia, kwa jina lile la upendo ambalo mama zetu huwaita watoto wa kiume. "Kahawa inatia moyo nguvu."

Alinishonea mfuko mdogo wa kitambaa, akaujaza. Nikatafuna. Asubuhi kabla ya shule, mchana nikisahihisha madaftari, jioni katika kila nyumba niliyoingia. Na kadiri nilivyotafuna ndivyo moyo ulivyozidi kunikimbia, na kadiri moyo ulivyokimbia ndivyo nilivyoambiwa nitafune.

Mwishowe nilikwenda kwa daktari mmoja, Mganda aliyekuwa akifanya kazi mjini. Alinipima, akasikiliza kifua mbele na nyuma, kisha akakaa.

"Moyo wako ni mzima," alisema.

"Basi nadanganya?"

"Sijasema hivyo. Moyo mzima unaweza kuogopa. Kahawa unatafuna kiasi gani?"

"Kama kila mtu."

"Kila mtu wa wapi?"

"Wa hapa."

Akacheka hadi akavua miwani. Kisha akanieleza, na yeye ndiye mtu wa kwanza aliyenieleza badala ya kunihukumu. Alisema mwili una namna yake ya kujiandaa kukimbia hatari, kama mtu aliyemwona chui. Moyo unaharakisha, pumzi zinakwenda juu juu, misuli inakaza. Kwangu mimi maandalizi hayo yanaanza bila chui. Kahawa haikuleta ugonjwa huu, alisema, lakini ni kuni ninazochochea motoni. Niiache. Na hofu ikija nisishindane nayo wala nisiikimbie. Nitoe pumzi polepole zaidi kuliko ninavyoivuta. Itapanda, itafika juu, itashuka yenyewe, kwa sababu mwili hauwezi kukaa kileleni.

Sikumwamini. Mimi siamini kitu kwa kuambiwa. Nikaujaribu ushauri wake kama tulivyofundishwa kujaribu mambo chuoni: nikaacha kahawa, nikaona nafuu, nikairudia, nikaona balaa, nikaiacha tena. Daktari alikuwa amesema kweli. Hofu haikuondoka, lakini ilipungua makali, na nikaanza kulala.

Sasa nije kwa Kokushubira.

Alikuwa mwalimu wa watoto wadogo katika shule ya kanisa huko Kagoma, upande wa Muleba. Tulikutana kwenye mkutano wa walimu. Niliuliza maswali mengi siku ile mpaka mwenyekiti akachoka. Tulipotoka, yeye akaniambia, "Wewe Ishengoma, ukifika mbinguni utaanza kuuliza mlango umejengwa na nani."

"Kwani wewe hutaki kujua?"

"Nitaingia kwanza. Halafu nitauliza nikiwa ndani."

Nikampenda papo hapo. Naye alinikubali, kwa kadiri msichana wa nyumba ya heshima anavyoruhusiwa kumkubali mtu. Kilichobaki kilikuwa wazee.

Desturi inataka mshenga. Bwana harusi hajisemei. Siku ya kwenda kuonekana kwa wakwe anakaa kimya kama mzigo ulioletwa, na mshenga wake ndiye mdomo wake. Mimi nilimchagua Kaijage. Tulikua pamoja Kitendaguro, tukaanza shule siku moja. Alikuwa karani kwa wanunuzi wa kahawa huko Muleba, anajulikana kila kijiji, na mdomo wake ungeweza kumtoa nyoka pangoni. Zaidi ya hayo, ndiye mtu pekee, ukimwondoa daktari, aliyejua ugonjwa wangu wote. Alikuwa amenishika mkono mara nyingi ukinijia. Alikuwa akinitania, "Msomi anaogopa kivuli chake." Nilikuwa nacheka naye.

Tulisafiri kwa lori, juu ya magunia. Nilikuwa nimevaa koti langu la chuo, na hofu ilikuwa imeanza tangu alfajiri. Nikamwambia wazi:

"Kaijage, kahawa sitatafuna. Leo hali yangu ilivyo, punje mbili zitaniangusha mbele ya watu. Waambie mapema, kabla kijikapu hakijaletwa. Waambie ni amri ya daktari."

"Hilo niachie mimi."

"Usisahau."

"Ebo! Nitawaambia moyo wako una ugonjwa wa kisomi, hata wakuheshimu zaidi." Akacheka, akanipiga begani. "Wewe kazi yako leo ni kukaa na kupendeza. Hata hilo la pili nitakusaidia."

Nyumba ya Mzee Kagaruki, baba yake Kokushubira, ilikuwa imetandazwa nyasi mpya. Tulikaa. Mzee alikuwa na ndugu zake wawili, na dada yake, shangazi wa binti, ameketi karibu na mlango wa ndani akitukagua. Kaijage akaanza kusema. Jamani, alisema! Akausifu ukoo wangu, akaisifu shule yangu, akawachekesha wazee. Mimi nilikuwa nasubiri neno moja tu. Nikamgusa goti. Akaendelea. Nikamgusa tena. Akasogeza goti lake.

Kijikapu kikaingia. Na aliyekibeba alikuwa Kokushubira mwenyewe.

Alipiga magoti mbele ya baba yake. Mzee akachukua, akatafuna. Binti akapiga magoti mbele ya Kaijage. Kaijage akachukua punje kadhaa, akatafuna akitabasamu. Kisha Kokushubira akaja mbele yangu. Aliinua macho mara moja tu, haraka, na macho yake yalikuwa yanacheka.

Moyo wangu ulikuwa tayari uko mbali. Nilikunja mikono kwa heshima, nikainamisha kichwa, nikamtazama Kaijage. Sasa! Sema sasa!

Kaijage alikuwa anatazama nje, kwenye migomba.

"Chukua, mwanangu," alisema Mzee Kagaruki.

Sikuchukua.

"Huyu msomi ameona kahawa yetu ina vumbi?" aliuliza shangazi.

"Labda huko chuoni wanatafuna kwa uma," alisema mmoja wa wale ndugu, na watu wakacheka. Bado ilikuwa mzaha. Bado neno moja la mshenga lingetosha.

Kicheko kikaisha. Mzee hakuwa amecheka. "Mshenga," alisema, "mwenzako ameona nini katika nyumba yangu?"

Kaijage akameza alichokuwa anatafuna. Akafuta midomo. "Waitu," alisema kwa neno letu la heshima, kwa unyenyekevu mkubwa, "mimi nimetafuna. Hilo la kwake hata mimi linanishangaza."

Linamshangaza! Mtu tuliyekuwa naye juu ya magunia asubuhi ileile!

Nikafungua mdomo. Mzee akainua mkono. "Wewe hatujakupa neno."

Nauliza, wasomaji wenzangu: ni nani aliyeweka desturi ya kumfunga mtu mdomo siku anayouhitaji kuliko siku zote? Pumzi ikakata. Nyasi zikaanza kuzunguka. Nikajua kwamba nikikaa pale nitaanguka kifudifudi mbele ya binti wa watu. Nikasimama... nikatoka. Sikutembea. Nilikimbia, na koti langu la chuo, mpaka ndani ya migomba.

Kaijage alikuja baada ya muda mrefu, akanikuta kando ya barabara.

"Kwa nini?" nilimuuliza. "Kwa nini hukusema?"

"Nilikuwa natafuta nafasi nzuri. Wewe ukaharibu kwa kukimbia." Akaketi kando yangu, akanipa leso yake. "Wamekasirika mno. Wanasema umewaita wachawi. Usirudi sasa, watakuaibisha. Waache wapoe. Nitakusemea mimi."

Na mimi, nisiyeamini kitu bila kukiuliza mara tatu, hilo sikuliuliza. Mnajua kwa nini? Kwa sababu niliposikia "usirudi", moyo wangu ulitulia. Nafuu ilinishukia kama maji ya baridi. Hapo ndipo hila ya ugonjwa huu ilipo, na hakuna aliyekuwa amenionya. Ukikimbia unapata nafuu, na nafuu inakudanganya kwamba kukimbia ndiko kulikokuokoa. Mara inayofuata utakimbia mapema zaidi.

Ndivyo ilivyokuwa. Kila nilipokusudia kwenda Kagoma, nilifika kwenye malori, moyo ukaanza, nikarudi. Baadaye ikawa silifikii hata lori. Baadaye sokoni sikuweza kukaa. Nilikuwa natoka shuleni naingia chumbani kwangu, najifungia. Siku hizi kila mahali watu wanazungumzia nchi kujitawala. Mimi nilikuwa siwezi kujitawala pumzi.

Kaijage alikuwa akipita kunijulia hali. "Bado wana moto," alikuwa akiniambia. "Vumilia." Nami nilimshukuru. Nilimchemshia chai!

Nilikuwa nimepanga chumba mjini kwa Bi. Zaituni, mjane wa Kiislamu ambaye babu yake alitoka pwani. Siku moja alisimama mlangoni kwangu, mikono kiunoni.

"Mwalimu, juzi uliogopa soko. Jana umeogopa baraza langu. Kesho utaogopa kwenda chooni, na mimi sitakubali hapo."

Nilicheka. Ilikuwa muda mrefu sijacheka. Nikamweleza kila kitu, mpaka kijikapu. Hakusema nijikaze. Aliuliza, "Ikikushika unakaa muda gani mpaka ishuke?"

"Sijui. Huwa sikai."

"Basi utajuaje kwamba inashuka? Daktari wako kakwambia, nawe umemwacha na maneno yake. Msomi gani huyu?"

Akajifunga ushungi, akanitoa nje. Tulikwenda mpaka duka la kona. Ikanishika pale dukani, mbele ya mizani ya sukari. Nilitaka kurudi. "Tusimame nayo," alisema, akaanza kubishana na mwenye duka juu ya sabuni, kwa makusudi, bila haraka yoyote. Nikatoa pumzi polepole. Ikapanda, ikapanda... ikafika mahali ikachoka. Ikashuka. Nilitaka kulia. Kesho yake tukaenda mbele kidogo, na keshokutwa yake mbele zaidi. Siku nyingine nilishindwa tukarudi, na yeye akasema, "Haidhuru, barabara haihami." Hivyo ndivyo nilivyopata soko langu tena, na baraza, na mwishowe kanisa.

Laiti ningekawia kidogo kulipata kanisa! Maana Jumapili ya kwanza niliyokaa ibada nzima, Kitendaguro, kwenye benchi la katikati mahali ambapo huwezi kutoka bila kukanyaga watu, mchungaji alifungua matangazo ya ndoa. Akasoma jina la Kaijage. Na baada ya jina la Kaijage akasoma la Kokushubira, binti wa Mzee Kagaruki wa Kagoma.

Sikusikia vizuri maneno yaliyofuata. Niliisikia damu yangu masikioni. Kisha nikasikia mchungaji akisema, kama inavyosemwa kwa kila tangazo, kwamba mwenye neno la kupinga na aseme.

Hakuna anayesema kamwe. Watu walikuwa tayari wanafungua vitabu vya nyimbo. Nikasimama.

Hofu ilinikamata palepale, ile kubwa, ile ya melini. Magoti yalikuwa yanagongana na kila mtu aliyaona. Mlango ulikuwa kushoto kwangu. Niliutazama. Nikatoa pumzi polepole, nikabaki.

"Nina neno," nilisema, na sauti yangu ilikuwa inatetemeka vibaya. "Mimi ni mgonjwa wa wasiwasi. Huyu bwana harusi anajua. Alikuwa mshenga wangu kwa binti huyo. Nilimwomba awaambie wazee kwamba daktari amenikataza kahawa. Akanyamaza, wakafikiri nimewadharau. Nami desturi ilinifunga mdomo. Leo sijafungwa."

Kanisa zima likageuka. Kaijage alikuwa benchi la mbele, shingo yake imekakamaa.

"Mwalimu," alisema mchungaji taratibu, "hilo si pingamizi la ndoa."

"Najua, mchungaji. Ni pingamizi la uongo."

Nikakaa. Sikutoka. Niliimba hata wimbo, ingawa sijui niliimba nini. Na hofu ilishuka, mbele ya macho ya watu wote walioniita macho yao.

Nje, Kaijage hakunikimbia. Hilo nampa.

"Nilisema uongo gani?" aliniuliza. "Nitajie. Nilinyamaza tu. Kunyamaza nako ni uongo?"

"Ulikuwa mdomo wangu!"

"Na mdomo una macho juu yake. Nilimwona yule binti, Ishengoma. Nilimwona alipokuinulia macho, nikajiuliza: huyu atampa nini? Mtu asiyeweza kukaa kwenye nyumba yenye watu watano? Nilimhurumia."

"Ukamhurumia kwa kumwoa."

"Ndiyo," alisema. "Kuna njia nyingine?"

Nilitamani kumpiga. Msifikiri ni wema ulionizuia. Mikono yangu ilikuwa bado inatetemeka, ningekosa.

Wiki hiyohiyo nilipanda lori peke yangu. Hofu ilinishika njiani kabla hatujafika Muleba, nikakaa nayo juu ya magunia ikapita. Mzee Kagaruki alinipokea uani, hakunikaribisha ndani. Nikasimama mbele yake na bila kungoja kupewa neno nikamweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwanangu, ungekuja na maneno haya siku ya pili yake, ningecheka, tukayamaliza. Leo neno la ukoo limeshatoka." Akamwita binti yake, akajitenga kidogo.

Kokushubira akaja akasimama mbele yangu. Habari za kanisani zilikuwa zimemfikia.

"Kwa hiyo ni kweli," alisema. "Ulikuwa unaumwa."

"Ni kweli. Kaijage alinyamaza, na kisha akanizuia nisije."

"Alikufunga kamba?"

Nikaanza kumweleza habari za malori, akanikatiza.

"Ulipotoka mlango ule," alisema, "baba alitaka kufunga mazungumzo. Nikamwomba angoje. Nilibaki nimepiga magoti palepale. Nikasema, atarudi sasa hivi. Hukurudi. Nikasema, atakuja kesho. Nikakutafutia sababu mpaka zikaniishia. Wewe ulikuwa unaikimbia hofu yako, Ishengoma. Mimi nilijua unanikimbia mimi. Ningejuaje tofauti? Migongo inafanana."

"Sasa unajua."

"Sasa najua." Macho yake yalijaa, lakini sauti haikuvunjika. "Najua pia kwamba yeye amenidanganya. Nimemwambia hivyo usoni pake, na nitaendelea kumwambia. Lakini amekuja hapa kila Jumamosi, amekaa na baba, amekaa na mimi. Wewe umekuja baada ya tangazo."

"Basi umemchagua mwongo?"

"Nimemchagua aliyekuwepo," alisema, akaingia ndani.

Walioana. Ibada, ngoma, kila kitu. Mama yangu alialikwa na hakwenda.

Naandika haya bado nikiwa na hasira, na hata Kokushubira nina hasira naye, ingawa kila nikiyapima maneno yake sipati mahali pa kuyavunja. Kaijage sijamsalimu tena. Watu wanasema ni ushetani wa msomi kushindwa kumsalimu jirani. Na waseme. Mimi nimejifunza kwamba wema usio na ukweli ni leso ya mtu aliyekupiga.

Wasomaji wenzangu, najua wapo kati yenu wanaosoma huku mioyo inawaenda mbio, na hakuna anayejua nyumbani mwao. Nawasihi. Msiamini kwamba mmerogwa, wala kwamba ni dhambi, wala kwamba ni uvivu. Mwendeeni daktari awapime kwanza, ili mjue kama moyo ni mzima. Angalieni mnachokula na mnachotafuna, hata kama ni cha heshima, hata kama mmepewa na mama. Tafuteni mtu mmoja asiyewacheka, mtoke naye nje kidogo kidogo. Na msimpe mtu mwingine ugonjwa wenu auseme kwa niaba yenu, hata awe rafiki, hata desturi idai. Anayebeba siri yako mdomoni anaweza kuitema anapotaka, au kuimeza.

Na nyinyi mnaosema "jikaze", nyamazeni kidogo. Mtu akitoka mbio nyumbani kwenu akiwa ametokwa na jasho, msianze kuhesabu alichowakosea. Mfuateni. Mwulizeni. Siku ile katika nyumba ya Mzee Kagaruki kulikuwa na watu wengi wenye akili na heshima zao, na hakuna hata mmoja aliyetoka nje kuniuliza nina nini, isipokuwa yule mmoja aliyekuwa anajua.

Lakini wewe mwenye hofu ndiwe ninayekuandikia. Itakuja tena, pengine kesho, pengine mahali pabaya kuliko pote, na mlango utakuwa wazi kando yako, na kila kiungo cha mwili wako kitakuambia utoke. Usitoke. Toa pumzi, tetemeka, sema neno lako kwa sauti mbaya, waache wakutazame. Itashuka. Nimeiona ikishuka. Ila ukitoka, usidhani kwamba waliobaki ndani wanajua unakimbia nini.